Fundi wa umeme wa magari wa Makupa na taa za Volkswagen ya mwaka 1965

Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikiteremka kuelekea kivuko cha Likoni, hapa Mombasa, moyo ukinidunda kila nikanyagapo breki, kwa sababu mwenye tuktuk aliye nyuma yangu hakuwa na njia ya kujua kwamba ninasimama. Gari ni Volkswagen ya mwaka 1965 niliyoachiwa na marehemu baba, nayo hutumia umeme wa volti 6, si 12 kama magari karibu yote tunayoyaona barabarani siku hizi. Taa za breki ziliwaka pale tu nilipokanyaga kwa nguvu, na hata hapo ya kushoto ilikuwa imefifia. Tena nikiwa nimewasha indiketa ya kushoto kisha nikakanyaga breki, indiketa iliacha kabisa kupepesa.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ilibadilisha balbu na flasha, yaani kile kidude kinachoifanya indiketa ipepese, bila kupima chochote, ikanitoza shilingi 4,800. Usiku huo taa zilikuwa hafifu kuliko mwanzo na indiketa haikupepesa hata mara moja. Vyote vilivyotiwa vilikuwa vya volti 12. Balbu ya volti 12 ikipewa volti 6 hutoa wekundu mdogo tu, na flasha ya namna ile hupepesa kwa kupashwa moto na umeme unaopita ndani yake, kwa hiyo isipopata umeme wa kutosha hubaki imelala. Bahati njema ile flasha ya zamani niliomba nirudishiwe, nikaihifadhi garini.

Fundi ninayeandika maoni haya kumhusu hufanya kazi chini ya muarobaini, nyuma ya maduka ya spea karibu na Makupa, wala hana kibao. Nilipomwamkia na kumweleza kwamba nimekuja tayari kununua kifaa chochote kitakachohitajika, aliitikia marahaba akasema, "Mwanangu, usinunue kitu kwanza. Acha tupime." Alitoa balbu zote, akazisogeza karibu na macho kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye kitako, kisha akazirudisha mahali pake. Fyuzi za gari hili ni vijiti vya kauri vilivyobanwa na vibati viwili. Alizizungusha moja moja kwa kidole, kisha akavisugua vibati kwa msasa mwembamba mpaka ukijani ukatoka.

Baada ya hapo aliingia chini ya gari. Swichi ya taa za breki haipo kwenye pedali, bali imekazwa kwenye masta silinda, yaani pampu kuu ya mafuta ya breki, na husukumwa na mafuta ya breki yenyewe. Alichomoa nyaya zake mbili, akaziunganisha kwa kipande cha waya, na papo hapo taa zote mbili zikawaka bila mtu kugusa pedali. Maana yake ni kwamba fyuzi, nyaya na balbu zilizokuwapo zilikuwa zikipitisha umeme, na swichi ndiyo iliyochoka, ikawa inangoja msukumo mkubwa ndipo ifanye kazi.

Hata hivyo taa ya kushoto ilibaki hafifu, na hapo ndipo nilipouona ustadi wake. Betri ya gari hili iko chini ya kiti cha nyuma. Alibana ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha taa ya kushoto, akaniambia nikanyage breki huku nyaya za swichi zikiwa bado zimeunganishwa, akacheka kidogo akasema nisijisumbue, taa tayari inawaka. Mita ilisoma volti 1.4, mahali ambapo ilipaswa kukaribia sifuri. Katika gari la volti 12 upotevu huo ungeonekana kama ufifiaji mdogo, lakini mimi nilikuwa nimepoteza karibu robo ya umeme wote. Tena balbu ya wati 21 kwenye volti 6 huvuta ampea 3.5, mara mbili ya ile ya volti 12, kwa hiyo kila kiungo kilicholegea au kushika kutu huumiza zaidi.

Chanzo kilikuwa rangi. Taa ya nyuma hupata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia chuma kilichokazwa kwenye madigadi, na mwaka jana nilipaka madigadi hayo upya bila kuacha mahali pa chuma kugusana na chuma. Chumvi ya pwani ikamalizia iliyobaki. Umeme wa breki ulipokosa njia ya kurudi ulijipenyeza kwenye nyuzi za balbu nyingine, ndiyo maana indiketa iliganda. Alikwangua rangi kwenye skrubu, akapaka grisi, kisha akavuta waya mpya wa athi kutoka kwenye taa hadi kwenye bodi. Mita ikashuka hadi volti 0.1.

Kazi yote ilinigharimu shilingi 2,500, na swichi mpya 1,800, pamoja na kutoa hewa kwenye breki. Nilimuuliza kama si afadhali tuhamie volti 12, naye akanieleza kwa upole kwamba itabidi nibadilishe pia dainamo, mota ya waipa na balbu zote, ilhali gari halina kosa.

Dosari zipo. Hushughulikia gari moja kwa wakati mmoja, hivyo nilifika asubuhi nikaondoka baada ya Alasiri, hatoi risiti, na balbu za volti 6 hana, ikanilazimu kuziagiza Nairobi na kungoja siku 4. Ijumaa hufunga kazi kabla ya adhuhuri. Nimeahidiana naye kurudi mvua za masika zikiisha, aikwangue na taa ya kulia, kwa kuwa madigadi ya upande huo nayo yalipakwa rangi siku ileile.