Inchi 6.88: kioo kikubwa kweli au ni kirefu tu?

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo sichambui simu kuanzia boksi mpaka chaja kama kawaida, leo ni kioo tu, ukubwa wake, maana ukipita Kariakoo siku hizi neno la kwanza la muuzaji sio kamera wala betri, ni "kaka hii inchi sita pointi nane hii", na ukimwambia unataka kasimu kadogo kidogo anakuangalia kama umeulizia kanda za kaseti.

Sasa mkononi hapa nina Redmi 14C, imetoka 2024, inchi 6.88. Huku nina iPhone 8 Plus, mzee wetu wa 2017, inchi 5.5. Kwa kutaja namba tu unaona hawa hawalingani kabisa, wamepishana inchi nzima na ushee. Haya nazilaza moja juu ya nyingine... mmeona? Upana ni uleule jamani! Zote mbili zinacheza kwenye milimita 78, tena huyu mzee ndio kazidi kiduchu. Kilichokua ni urefu, mzee ana milimita 158 hivi, Redmi inakaribia 172.

Iko hivi, inchi za kioo zinapimwa kona kwa kona, mshazari, sio upana. Vioo vya zamani vilikuwa vya 16 kwa 9, yaani urefu 16 kwa upana 9, hivi vya sasa vingi ni 20 kwa 9, na hii Redmi imepita hata hapo. Ukirefusha kioo bila kukipanua, namba ya inchi inapanda vizuri tu na kwenye tangazo inapendeza. Halafu na vile vipande vyeusi vya juu na chini, kile chenye kitufe cha nyumbani, vimeondoka, kioo kimechukua nafasi yao.

We unasema sawa bro lakini si naangalia mpira vizuri zaidi? Ngoja. Mpira unarushwa 16 kwa 9. Ukilaza hii Redmi picha inajaa juu mpaka chini lakini pembeni zinabaki pau nyeusi mbili, na picha yenyewe kwa hesabu inatoka kama sentimita 12 na nusu kwa urefu, kwenye hiyo iPhone ya zamani ni sentimita 12 na kidogo. Tofauti haifiki hata nusu sentimita! Inchi zote zile umelipia na mpira umeongezeka vile tu. Ukisema uvute kwa vidole ijae, juu na chini panakatwa, na yale matokeo ya kwenye kona yanaweza kuliwa, unabaki kuuliza jirani ngapi ngapi.

Na PDF ni hivyohivyo, fomu ya A4 inabanwa na upana, kwa hiyo maandishi yanatoka yaleyale madogo. Vitufe vya kibodi navyo vinategemea upana. Mwenye vidole vinene asitegemee miujiza.

Urefu unalipa wapi? WhatsApp. Kibodi ikifunguka kwenye simu fupi inakula nusu ya kioo, unajibu ujumbe ambao huuoni tena, ila hapa bado unaona meseji kadhaa juu yake, na kwa wale wenye magrupu ya familia na vikoba hiyo ni raha kwelikweli. TikTok na status, zile video za kusimama, hapo ndio inchi unaziona. Na wazazi. Mama yako mwekee maandishi makubwa kwenye seting, kwenye simu ndogo anapata mistari mitatu anachoka kuskroli, hapa anasoma ujumbe wote bila kutafuta miwani. Kwa mzazi mimi sibishani, chukua kubwa. Na bodi kubwa inaingiza betri kubwa, hii ina 5160 mAh, ile ya mzee haifiki hata 3000, na umeme wetu mnaujua.

Ila kuna kitu muuzaji hakwambii. Kioo cha hii Redmi ni pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, 720 kwa 1640. Zimetandazwa kwenye inchi 6.88 inakuwa kama pikseli 260 kwa inchi, ile iPhone ya 2017 ina 401. Kuchati hutaona shida. Fungua PDF yenye maandishi madogo ndio utaona herufi zina ukungu kwenye kingo. Mimi kama hela inaruhusu ningeenda na Galaxy A15, inchi 6.5 tu lakini pikseli 1080 kwa 2340, na kioo ni AMOLED, kile ambacho kila pikseli inajiwashia mwanga wake. Namba ndogo, kioo kizuri zaidi, basi.

Haya tuje kwenye kidole gumba. Umesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba, simu mkono mwingine, unataka kuvuta notifikesheni juu kabisa kule. Hufiki. Unaanza kuitembeza simu kiganjani na hapo ndio inapodondoka. Samsung hili waliliona, One UI ya 2018, yaani muonekano wa menyu za simu zao, ikashusha vitu vya kubonyeza chini vichwa vya habari vikabaki juu. Kwa wenye Gboard, kibodi ya Google, shikilia kitufe cha koma utaona alama ya mkono mmoja, kibodi inasogea upande wa kidole chako. Hiyo peke yake inapunguza kero nusu.

Na wale wanaosema kampuni zirudishe simu ndogo, jamani zilikuja. Apple walitoa iPhone 12 mini 2020, wakatoa 13 mini 2021, inchi 5.4 safi kabisa, 2022 mini ikaondolewa ikaja Plus ya inchi 6.7. Na Galaxy Note ya kwanza, 2011, ilikuwa inchi 5.3 watu wakaicheka eti unaongea na sinia, leo kwa namba ya inchi hiyo ni ndogo kuliko hiyo mini.

Kwa hiyo kama simu ndio tivii yako ndio ofisi yako, kioo kikubwa kinafaa, ila usinunue inchi, uliza pikseli na upime upana. Ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, shika kwa mkono mmoja, piga *150*00# ile ya M-Pesa kwa gumba la mkono huohuo, halafu vuta notifikesheni kutoka juu bila kuhamisha kiganja. Na umuulize fundi wa jirani, sio muuzaji, kioo chake kikipasuka ni shilingi ngapi.