Kufundisha barafu ya bahari: Hudson Bay au Antaktika?

Mwalimu wa jiografia akiwa na kipindi kimoja tu cha barafu ya bahari, atumie mfano upi: dubu weupe wa Hudson Bay, Kanada, au pengwini kaizari wa Antaktika?

Hudson Bay inaeleweka haraka. Ghuba huganda majira ya baridi na kuyeyuka kila kiangazi. Dubu humvizia sili kwenye tundu la barafu analopumulia. Barafu ikiisha, hupanda nchi kavu, wengi karibu na mji wa Churchill, na kuishi kwa mafuta ya mwilini hadi ghuba igande tena, kwa kawaida Novemba. Mfungo huo ukirefuka, mama hupungukiwa maziwa na watoto wake huumia. Sababu na matokeo viko wazi.

Antaktika inadai maelezo zaidi, maana kule ni bara lililozungukwa na bahari, kinyume kabisa cha Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini, ambako ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Lakini ushahidi wake una nguvu ya pekee. Makundi ya pengwini hutambuliwa kwenye picha za setilaiti kwa madoa ya kahawia ya kinyesi juu ya barafu nyeupe. Mwishoni mwa 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika kabla makinda hayajaota manyoya yanayozuia maji. Katika makundi 4 kati ya 5 ya eneo hilo, inaaminika hakuna kinda aliyepona. Mwanafunzi analiona doa kwenye picha moja, na kwenye inayofuata halipo.

Kwa kidato cha tano na sita ningechagua Antaktika bila kusita. Kwa wadogo, dubu wanatosha.