Nililipia 37, nikaletewa 67: uzoefu wangu na treni ya matembezi Wales

Nianze na hukumu, maana wengi wenu husoma mwanzo tu mkaondoka: msiwape hawa watu pesa zenu. Nyota moja, na hiyo moja ni ya madereva, ambao hawakukosea lolote.

Nazungumzia kampuni mojawapo ya hizi zinazoandaa treni za matembezi kwa wapenzi wa reli. Unalipa zaidi ya pauni mia kwa siku moja, unapewa kiti, chai na kipande cha keki, na juu ya yote unaahidiwa kichwa cha treni. Kichwa ndicho biashara yenyewe. Kutoka Cardiff hadi Holyhead treni za kawaida zipo kila siku, nauli yake nafuu, na zinafika mapema kuliko hizi zetu zinazosimama kila mahali kupisha wengine. Hakuna mtu anayetoa hela zote zile kwa sababu ana haja ya kufika Holyhead. Tunatoa ili tukae behewa la mbele, dirisha wazi, tusikilize kichwa tulichoahidiwa kikipanda mlima.

Tangazo lao lilisema vichwa viwili vya dizeli vya aina ya 37, vimeunganishwa pamoja mbele, kwenda na kurudi. Picha yake ilichukua nusu nzima ya ukurasa. Maneno ya kwamba kichwa chaweza kubadilishwa yalikuwepo pia, chini kabisa, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anahitaji miwani miwili kuzisoma.

Kwa asiyezijua 37: English Electric ilitengeneza zaidi ya mia tatu kati ya 1960 na 1965, nyingi katika kiwanda cha Vulcan Foundry kule Newton-le-Willows, na Wales ya Kusini ikawa kwao. Zilishusha makaa ya mawe kutoka mabondeni. Miaka ya sabini zilifungwa tatu kwa pamoja kuvuta madini ya chuma kutoka bandari ya Port Talbot hadi kiwanda cha Llanwern, treni zilizokuwa miongoni mwa nzito kuliko zote Uingereza. Abiria wa reli ya bonde la Rhymney, kaskazini ya Cardiff, walizipanda hadi 2005, kisha zikarudishwa kwenye reli hiyo hiyo 2019, zikafanya kazi hadi mapema 2020, zikaondoka. Watu wa huku wanaziita trekta kwa ile ngurumo yake. Mzee aliyekulia bonde la Rhymney ukimtajia 37 anakuangalia kama umemtajia jamaa yake.

Na mimi nina sababu yangu zaidi. Nimezaliwa Nakuru. Kiwanda hicho hicho cha Vulcan Foundry ndicho kilichoipa East African Railways vichwa vya daraja la 90, vile ambavyo baadaye Kenya Railways iliviita 87. Injini ni ya ukoo mmoja na ya 37. Ile sauti iliyokuwa ikitikisa vioo vya nyumba yetu usiku, gari la mizigo likijivuta kuelekea magharibi, niliisikia tena miaka mingi baadaye kwenye jukwaa la Cardiff Queen Street, mvua inanyesha, na nikasahau nilikokuwa naenda. Kwa hiyo tiketi ile sikuinunua kwa mzaha. Niliiwekea akiba.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Siku hiyo nilifika Cardiff Central mapema mno. Kabla treni haijaingia, mwenzangu mmoja ambaye hukosa usingizi kwa ajili ya mambo haya alikuwa amesimama upande wa Canton, kunakolala vichwa na mabehewa, akanitumia ujumbe: mabehewa yenu yanatoka, mbele kuna 67. Hakuna 37. Sikumwamini. Nikamwendea mhudumu wa kampuni, kijana aliyevaa koti zuri na beji kifuani, orodha ya abiria mkononi. Nikamuuliza kwa adabu kabisa: samahani bwana, vichwa vya leo ni vilevile vilivyotangazwa? Hakuinua macho. Akasema, "Kila kitu kiko sawa, bwana. Mtakiona kikifika."

Kila kitu kiko sawa. Alikuwa anajua. Yeye ndiye aliyekuwa na simu ya kazini mkononi, na mwenzangu wa Canton ameshaona kwa macho yake. Dakika chache baadaye treni ikaingia na 67 yake, safi, imeoshwa, na jukwaa zima likanyamaza. Nikarudi kwa yule kijana. Sikupaza sauti. Nikamwambia hiki sicho tulicholipia. Akanitazama safari hii, akagonga kalamu juu ya ile orodha, akasema:

"Kinavuta au hakivuti?"

Nikasema kinavuta.

"Basi utafika. Nenda ukakae."

Mimi nina mvi. Nina wajukuu. Nenda ukakae!

Nisieleweke vibaya kuhusu 67 yenyewe. Ni mashine nzuri. Ilitengenezwa Valencia, Hispania, 1999 na 2000 kwa ajili ya treni za barua, ina nguvu za farasi 3,200 na kasi ambayo 37 haiwezi hata kuiota. Lakini 67 ndizo hizo hizo ambazo Transport for Wales, kampuni ya treni za kawaida za huku, inazitumia kwenye treni zake za kawaida kutoka Cardiff kwenda Manchester na Holyhead. Ningeweza kupanda 67 Jumanne yoyote kwa tiketi ya kawaida, kwenye reli ile ile, nikanywa chai yangu mwenyewe. Ni kama kuagiza pilau ya harusi ukaletewa wali mweupe, halafu mwenye hoteli akakuuliza kama wali haushibishi.

Na wala siwalaumu kwa 37 kuharibika. Chuma cha miaka sitini kikigoma alfajiri, kimegoma. Kila mpenda reli anajua hilo, ni sehemu ya mapenzi yenyewe. Wangetuita jukwaani wakasema, ndugu zetu, moja imevuja maji, nyingine haiwezi peke yake, tunasikitika, tungeguna kidogo tukapanda. Wallahi tungepanda. Kilichonichoma ni lile jibu la kwanza, la kuambiwa kila kitu kiko sawa na mtu anayejua kwamba sivyo, na la pili lililonifanya nijione msumbufu kwa kuuliza.

Mezani kwangu alikaa mzee wa Rhymney. Alikuja na daftari lenye jalada jeusi, kurasa zimepigwa mistari kwa rula, namba zimeandikwa kwa penseli safu kwa safu, na ukurasa wa siku ile alikuwa ameshauandaa nyumbani: tarehe, majina ya stesheni, na juu nafasi mbili tupu za namba za vichwa viwili. Nilipomwambia ni 67, aliuangalia ukurasa ule kitambo. Kisha akafuta mstari mmoja kwa kifutio cha nyuma ya penseli, taratibu, akapuliza makombo, akaandika namba ya 67. "Ukweli ni ukweli, kijana wangu," akaniambia. Na mimi mwenye mvi zangu nikaitikia kama kijana.

Baada ya Abergavenny kuna mlima wa Llanvihangel. Pale ndipo tulipokuwa tumejiandalia. Vichwa viwili vya 37 mahali pale hufanya kifua kitetemeke, husikii mwenzako akisema. 67 iliupanda kana kwamba hapana mlima, bila jasho, na katika behewa la mbele nilimsikia mtu akikoroga sukari. Hadi Hereford sikusema neno. Ludlow ikapita, Church Stretton ikapita na vilima vyake vizuri, na mimi nimenuna.

Halafu Shrewsbury.

Tulisimama pale muda mrefu kubadilisha wafanyakazi. Shrewsbury iko upande wa Uingereza wa mpaka, lakini ukitaka kuelewa reli za Wales ni lazima upite hapo, njia zote zinakutana. Kusini ya stesheni linasimama jengo la kuongozea ishara la Severn Bridge Junction, la 1903, lenye wenzo 180, kubwa kuliko yote duniani kwa yale yanayofanya kazi bado kwa wenzo na nyaya. Na karibu na hapo, upande wa Coleham, ndiko zinakolala 97.

Namba imebadilika, lakini 97 hizi nne ni 37 halisi za zamani. Network Rail, wenye reli zenyewe, ilizipaka manjano na kuzifungia mitambo ya kupokea ishara kwenye skrini ya dereva, kwa sababu reli ya Cambrian, ile ya Aberystwyth na Pwllheli, tangu 2011 inaongozwa kwa ishara hizo, bila taa kandoni. Kichwa kisicho na mitambo hiyo hakiruhusiwi kule. Kwa hiyo vyuma hivi vya miaka ya sitini vinaendesha kazi ya kisasa kuliko treni nyingi mpya, na hilo mimi hunifurahisha kila nikilifikiria.

Mojawapo ilikuwa imesimama pale, imezimwa. Tulikuwa tumeshuka kunyoosha miguu. Kisha mtu akapanda ndani, kukawa kimya, na mara ikakohoa. Moshi mweusi ukaruka juu, ukawa wa kijivu, na injini ikashika ule mwendo wake wa polepole ambao unaweza kuhesabu kila pigo. Jamani! Jukwaa zima lilikimbilia mwisho wa kusini. Mzee wa Rhymney na magoti yake mabovu alifika kabla yangu. Hakuna aliyesema kitu. Harufu ya dizeli ikatufikia na upepo, na ngurumo ile ikaingia kupitia nyayo za viatu. Mimi nilikuwa Nakuru kabisa. Kwa dakika zile ningewapa nyota tano na kuwasamehe madhambi yote, ingawa kampuni haikuwa na mkono wowote katika jambo hilo. Ilikuwa ni bure, mtu yeyote mwenye tiketi ya kufika Shrewsbury angeipata.

Nikageuka, nikamwona yule kijana wa beji. Amesimama nyuma yetu, simu juu, anapiga picha. Anatabasamu.

Hapo hasira ikarudi mara mbili. Maana kumbe anajua! Ningedhani ni mtu wa kazi za vibarua aliyeletwa na wakala, asiyejua kichwa kimoja na kingine, ningemwachia. Lakini yule anazipenda kama sisi. Alijua hasa kilichokosekana Cardiff asubuhi ile, na bado akamwambia mzee aende akakae. Nilimwangalia, akaniona, akaingiza simu mfukoni na kurudi ndani.

Yaliyobaki niseme kwa haki: njia ni nzuri kupita kiasi, na mabehewa yalikuwa safi. Daraja la Chirk la 1848 likiwa ubavuni mwa mfereji wa Telford unaopita angani, kisha daraja la Cefn na matao yake juu ya mto Dee, kisha Chester tunageuza upande, bahari inatokea Flint, daraja la bomba la chuma la mhandisi Stephenson linatumeza pale Conwy chini ya ngome. Chai ilikuwa moto. Dereva wa kutoka Chester aliendesha laini ajabu. Kama hujali kichwa, utafurahi, na labda nyota tatu zinawastahili. Lakini kama hujali kichwa, kwa nini upande hii?

Siku nzima, kwenda na kurudi, vipaza sauti vilitangaza chakula, bahati nasibu na zawadi za kununua. Kuhusu 37, hata sentensi moja hakuna.

Niliandika malalamiko. Jibu lilikuja baada ya majuma mengi, barua ya mkato inayonielekeza kwenye zile herufi ndogo, na vocha ya kupunguziwa bei ya safari nyingine ya kampuni hiyo hiyo. Yule mhudumu hakutajwa. Kwa barua ile naondoa hata nyota ya mwanzo. Madereva watanisamehe, sina mahali pengine pa kuiweka.

Sasa wametangaza safari mpya, kwenda Aberystwyth, kwa 97 mbili. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Kwenye reli ile, kama nilivyosema, hawawezi kuchomeka kichwa chochote tu, hivyo huenda mara hii wakasema kweli kwa kulazimika. Mzee wa Rhymney ameshakata tiketi, amenipigia simu kuniambia kiti cha mbele yake kiko wazi. Vocha ninayo. Nimewaandikia tena kwamba nitaitumia siku watakayonijibu neno moja kuhusu asubuhi ile ya Cardiff, na nimeambatisha jina la stesheni, namba ya behewa na maneno niliyoambiwa. Hawajajibu. Radhi yangu naidai, na viti vinajaa.