Oreskaband: tiketi, CD au DVD? Kipi ununue kwanza

Kama una pesa ya kitu kimoja tu cha Oreskaband, na una njia ya kufika Japani, nunua tiketi. Bendi hii ya ska kutoka Japani ni ya jukwaani. Wasichana sita wa Sakai, mkoa wa Osaka, waliianzisha mwaka 2003 wakiwa bado wanafunzi: gitaa, besi, dramu, tarumbeta, tromboni na saksafoni. Ska, muziki uliozaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni wa kucheza: gitaa linakata kati ya mapigo, ala za kupuliza zinajibu, na miguu haitulii. Studio inanasa sauti hizo vizuri. Haiwezi kunasa wapulizaji watatu wakirusha miguu pamoja bila kupoteza pumzi, wala mwendo unaoongezeka kadiri ukumbi unavyopata joto.

Kwenye kumbi ndogo za Japani, bei ya tiketi siyo gharama yote. Mlangoni kuna pesa ya kinywaji, mara nyingi yeni 500 hadi 700, kwa hiyo uwe na chenji. Tiketi nyingi zina namba na watu huingia kwa kufuata namba hizo, hivyo aliyewahi kununua ndiye anayepata nafasi ya mbele. Viti hakuna. Anayetaka kucheza aende mbele. Anayetaka kusikia kila ala asimame nyuma, karibu na meza ya fundi mitambo, kwa sababu yeye huchanganya sauti kwa kile anachokisikia pale alipo.

Nafasi ya pili naipa CD ya albamu WAO!! ya mwaka 2007. Hii ni Oreskaband ya kabla ya majira ya joto ya 2008, walipozunguka Marekani na Warped Tour, msafara wa matamasha ya punk na rock, bado na ujana wote kwenye sauti. Faida ya studio ni kwamba tromboni, ambayo ukumbini humezwa kirahisi na dramu, hapa unaweza kuifuata toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Napenda sana kusikiliza namna hiyo, ala moja kwa wakati. Unachokosa ni ule ukali: kila kitu kimesafishwa, na hakuna anayekosea.

Usikimbilie CD mpya. Maduka ya mitumba kama Book Off na Disk Union huuza kwa bei nafuu sana, na Wajapani hutunza vitu vyao. Angalia tu kama kuna stika ya duka la kukodisha, maana diski hizo zimepita mikononi mwa wengi. Ule ukanda wa karatasi unaozunguka kasha hupandisha bei kwa wakusanyaji, ila hauongezi chochote kwenye sauti. Kama unanunua ili usikilize, chukua lisilo nao.

DVD ya onyesho ni ya tatu, na ingekuwa ya pili kama si suala la msimbo wa kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezwa ichezwe. DVD za Japani ni za kanda ya 2. Aliyeko Oman, nchi nyingine za Ghuba au Ulaya yuko kanda hiyohiyo. Aliyeko Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo yuko kanda ya 5, na deki yake inaweza kuikataa diski kabisa. Tafuta deki inayosoma kanda zote kabla ya kulipa. Blu-ray zina mgawanyo tofauti: Japani na Marekani ni kanda A, Afrika, Ulaya na Ghuba ni kanda B. Ukishavuka kikwazo hicho, DVD ndiyo inayokuonyesha kwa nini nimeiweka tiketi juu.

Kusikiliza mtandaoni ni kwa kuonja tu, kabla ya kutoa pesa.

Mwisho kabisa naweka singo. Wengi walio nje ya Japani waliijua bendi hii kupitia Pinocchio, wimbo wa kufungia vipindi vya katuni ya Kijapani Naruto, au Jitensha, uliofungia mwendelezo wake, Naruto Shippuden. Kwenye runinga ulisikia kama sekunde 90 tu, kwa hiyo wimbo mzima utakufurahisha. Lakini singo ya nyimbo mbili tatu, ukijumlisha na nauli ya posta kutoka Japani, inakaribia gharama ya albamu nzima ya mtumba. Chukua albamu.