Bustani ya mtaa: mkutano ukumbini au matembezi uwanjani?

Wakitaka maoni ya wakazi kabla ya kutengeneza bustani ya mtaa, maofisa wa jiji hupenda mkutano wa ukumbini: ramani ukutani, kipaza sauti, kila mkazi dakika zake chache. Faida yake ni kumbukumbu. Ahadi iliyoandikwa haikanushiki kirahisi. Lakini wanaosikika ni walewale wazoefu wa kusema, na mara nyingi mchoro wa bustani umeshaiva.

Kutembea uwanjani pamoja ni habari nyingine. Pale ofisa hujionea njia ya mkato iliyochongwa na nyayo, maji yanapotuama baada ya mvua, kona ya giza ambayo wanawake huikwepa. Mzee wa mkongojo, ambaye ukumbini angenyamaza, hunyoosha kidole tu: benchi liwe hapa, kivulini. Kasoro? Nadra mtu kuandika. Mimi ningeanza na matembezi, kabla mchoraji hajashika kalamu, ukumbi ufuate.