Majiwe (betri) ya kuchaji nyumbani kwetu Bukavu: nilishahamia kwa hayo, ila chaja njo kila kitu

Kwetu majiwe yalikuwa yanaisha kama chumvi. Radio ya papa haizimwi, asubuhi Radio Okapi jioni Radio Okapi, halafu kuna toshi za usiku, telekomande ya dekoderi, mashini ya tansiyo (presha) ya mama. Yale ya bei ya chini pale soko la Kadutu, ya zinki na kaboni, ukitia kwenye toshi mwanga unakuwa wa njano upesi, na ukiyasahau ndani yanavuja yanakula vyuma. Basi nikahamia kwa ya kuchaji, Ni-MH (aina ya nikeli), marke Eneloop, saizi ya AA, dada alinipitishia toka Kigali. Bei inauma kweli, jiwe moja ni pesa ya pakiti nzima ya yale mengine.

Yameandikwa volti 1.2 na ya kawaida ni 1.5, watu wakiona hivyo wanasema aah, dhaifu hayo. Apana. Ya kawaida yanaanza 1.5 yanashuka polepole mpaka basi, haya yanakaa palepale kwenye 1.2 mpaka karibu yaishe, kiisha yanakata ghafla. Kwa toshi ni raha, ila ikizima imezima, weka mengine karibu. Papa alizoea kuyatoa na kuyaanika juani sauti ikipungua, haya hayataki jua, tumeshagombana sana juu ya hiyo. Mashini ya tansiyo yenyewe inalalamika, inaonyesha alama ya betri kuisha na huku bado inajaza hewa vizuri tu, mama hataki kuona ile alama kabisa, kwa hiyo yake nimemwachia majiwe ya kawaida ya alkalini.

Sasa chaja. Kuna zile ndogo za sokoni zinazofanya kazi kwa masaa tu, zinachaji muda uliopangwa halafu zinajizima. Mahali kura (umeme) haikatiki, sawa. Hapa kwetu inaenda saa mbili usiku, inarudi saa sita, inaenda tena, na kila ikirudi ile chaja inaanza kuhesabu upya toka ziro, haijui kama majiwe yalikuwa nusu ama yameshajaa. Asubuhi unayashika yanaunguza vidole, na hilo joto njo linayaua mapema. Ninayotumia sasa inaangalia kila jiwe peke yake, kila moja na taa yake ndogo, jiwe likijaa volti yake inashuka kidogo, chaja inasikia inakata yenyewe, kura ikirudi mara ngapi sijali. Tena ni ya USB, mchana naichomeka kwenye solari.

Halafu utaona AA za kuchaji zimeandikwa 4000 mAh, 4600 mAh (mAh njo kipimo cha umeme ambao jiwe linabeba), rangi nzuri zinang'aa, muuzaji anakuapia. Hakuna AA ya Ni-MH inayofika huko, zile kubwa kabisa ziko kwenye 2500 na kitu, zangu ni kama 2000 tu na radio inaimba. Lipime mkononi, la kweli lina uzito, likiwa jepesi rudisha tu hata kama wanakucheka.

Saa ya ukutani na telekomande nimeacha majiwe ya kawaida, zinakula kidogo mno, kufungia Eneloop humo ni hasara. Na yale ya kuchaji nimeyapiga alama na kalamu ya bic, yale yaliyonunuliwa pamoja yanatembea pamoja, jipya halilali na la zamani kwenye toshi moja, juu lile dhaifu linaisha kwanza na wenzake wanaendelea kulikamua mpaka linaharibika.