Huduma ya fedha kwa simu wakati wa Korona: tathmini ya mtumiaji wa kijijini

Nilikuwa nikitumia huduma ya fedha kwa simu kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba Korona imekuwa janga la dunia, nami naona ni haki kuipima kwa miezi ile ambayo sisi wa kijijini tuliitegemea kuliko wakati mwingine wowote.

Katika kufikisha fedha, sina malalamiko. Magulio yalipofungwa na mabasi kusimama, mkulima alibaki na mazao yasiyo na mnunuzi, kibarua wa palizi akakosa wa kumpa kazi, na kijana aliyekuwa akituma matumizi nyumbani kutoka mjini akarudi mikono mitupu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa saa za kazi zilizopotea mwaka 2020 zililingana na ajira milioni 255 za muda wote. Hata hivyo, ndugu walio ughaibuni hawakuacha kutuma: Benki ya Dunia ilikuwa imebashiri kwamba fedha zao kwa nchi za kipato cha chini na cha kati zingepungua kwa asilimia 20 hivi, lakini makadirio ya baadaye yakaonyesha upungufu wa asilimia 1.6 tu. Sehemu yake ilipitia kwenye simu, na mpokeaji hakulazimika kutafuta usafiri ambao haukuwepo.

Taabu ilianzia kwa wakala. Noti anazotulipa huletwa na wafanyabiashara wanaoweka fedha siku ya gulio. Gulio lilipofungwa, hakukuwa na wa kuweka, sote tukawa watu wa kutoa. Mara tatu nilikwenda nikiwa na salio la kutosha, nikakuta droo tupu, huku muuza mbegu na mwenye trekta wakitaka taslimu na mvua zimekwisha kuanza. Mbegu inayosubiri noti hupoteza msimu, na msimu ukipotea, hata kibarua wa kuvuna hana kazi.

Ada nayo haikutuelekea. Nchi kadhaa zilifuta kwa muda makato ya kutuma viwango vidogo, nafuu njema kwa mtumaji, lakini mimi niliyekuwa natoa niliendelea kukatwa.

Naipa alama 9 kati ya 10 kwa kufikisha fedha, na 4 kwa kuzitoa. Nitaendelea kuitumia, ila ninaiomba kampuni iwaandikishe wauza pembejeo wapokee malipo kwa simu bila makato, ili salio linunue mbegu hata droo ya wakala ikiwa tupu.